Wageni wa Jumanne

Kwetu mjini Paraćin hakuna mtu anayealikwa slava, sikukuu ya nyumba. Mtakatifu wa nyumba ana siku yake, siku hiyo mlango unaachwa wazi, na kila anayeijua tarehe anakuja. Anayesubiri kualikwa atasubiri mpaka azikwe. Kwa hiyo ukimtajia mtu siku yenu ya slava umeshamwalika, upende usipende. Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Jagoda alikuwa na miaka kumi na sita na alilijua vizuri, lakini Jumanne ile, katika chumba cha juu cha kituo cha afya, akili yake ilikuwa kwenye hofu yake, haikuwa kwenye adabu za wageni.

Walikuwa vijana wanane wameketi duara. Bi Ksenija, mwanasaikolojia wao, alimtaka kila mmoja ataje jambo moja la wiki hiyo linalomtisha, aipime hofu yake kati ya moja na kumi, kisha aseme ataikabili kwa mbinu ipi kati ya zile walizokwisha jifunza. Jagoda alisema Jumamosi ni Mitrovdan, slava ya kwao, watu arobaini sebuleni, na hofu yake ni nane. Angepumua kwa kuhesabu, na kupumua kukishindwa angeshika barafu mkononi mpaka akili irudi. Lenka, msichana mrefu aliyezoea kutafuna mikono ya sweta yake, akauliza kama wanakaa kwenye yale majengo ya nyuma ya soko. Jagoda akajibu ndiyo, jengo la tatu, ghorofa ya nne. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyegundua.

Maana nyumbani kwao habari za chumba kile walikuwa wakizijua watu wawili tu, baba na mama. Wengine wote, kuanzia bibi yake mpaka jirani wa chini, waliambiwa kwamba kila Jumanne mtoto anakwenda mazoezi ya ngoma za jadi. Uongo huo aliutunga mama yake, Ružica, mwezi Septemba, shule ilipofunguliwa na Jagoda akajifungia bafuni asubuhi kumi mfululizo, na asubuhi ya kumi akamwambia mama yake kupitia mlango kwamba haoni sababu ya kuamka. Ružica akamtafuta Bi Ksenija siku hiyohiyo, akiwa na kandambili miguuni. Akapata nafasi katika kundi la vijana, wiki kumi na mbili. Baba mtu, Radiša, alikubali kwa shingo upande, na alichokisema siku hiyo mke na binti walikikumbuka neno kwa neno.

"Aende. Lakini siku mtu mmoja wa nje akijua, ndiyo mwisho. Sitaki mwanangu aitwe kichaa mji mzima."

Radiša si mtu mbaya. Kazi yake ni kuweka madirisha kwenye majengo ya watu, mikono yake imejaa makovu ya vioo, na midomo ya watu anaiogopa kuliko anavyoogopa kuanguka kutoka ghorofani. Wako wengi kama yeye mjini kwetu, na mimi ni mmoja wao. Mficha uchi hazai, tunaambiana kila siku, na bado tunaficha.

Wiki saba zilikuwa zimepita. Jagoda alikuwa amerudi shule. Hakuwa amepona, lakini alikuwa anaamka, anavaa, anatoka mlangoni. Hilo ndilo Ružica alilokuwa akilihesabu kila asubuhi akisimama dirishani, akimwangalia mwanawe akivuka barabara na mkoba wake.

*

Jumamosi, saa nane mchana, sebule ilikuwa imejaa mpaka makoti yalirundikwa juu ya kitanda cha Jagoda. Mshumaa wa slava ulikuwa unawaka kando ya mkate, na bakuli la ngano tamu lilikuwa mlangoni ili kila aingiaye aonje kijiko kimoja kabla ya yote. Radiša alikuwa amesimama tangu saa nne asubuhi. Mwenye nyumba haketi siku ya slava. Anamimina, anapakua, anawauliza watu mbona hawali. Kichwani mwa meza alikaa mama yake, Bibi Stamena, mwenye miaka themanini na masikio mazima kabisa, akimweleza kila mgeni kwamba mjukuu wake sasa anacheza ngoma za jadi, na kwamba yeye mwenyewe amemfumia soksi nyekundu za kuchezea.

Karibu naye alikaa Milojko, baba wa ubatizo wa Jagoda. Kwetu mtu wa namna hiyo anaitwa kum, na kum huheshimiwa kuliko ndugu wa tumbo moja. Ukigombana na ndugu mtapatana, ukimkosea kum umejikosea mbele ya Mungu. Kum Milojko alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya mnadani, na mwaka huo alikuja na kodiani yake. Aliiweka chini ya kiti akasema leo haondoki mpaka mwanawe wa ubatizo amchezee.

Jagoda alilisikia hilo akiwa na sinia la vikombe. Akacheka kidogo, akarudi jikoni, akafungua friji, akachukua kipande cha barafu akakifumbata. Maji yakaanza kumdondoka kwenye kiwiko. Mama yake alikuwa anapanga nyama ya kuoka kwenye sahani na hakuuliza kitu, maana barafu hiyo alishaizoea. Akamwambia tu kwamba kum akilewa atasahau, kila mwaka husahau.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Jagoda. Alisoma, akasoma tena, kisha akamwonyesha mama yake bila kusema. Lenka alikuwa ameandika: Tuko chini ya jengo, tuko watano, lifti haifanyi kazi au?

"Nani hao?" Ružica akauliza.

"Wa Jumanne."

"Umewaalika?"

"Hapana. Niliwatajia siku."

Ružica aliweka sahani chini. "Basi umewaalika, mwanangu."

Walitazamana. Sebuleni mtu alikuwa anasimulia habari ya nguruwe aliyetoroka na watu wanacheka. Kumfukuza mgeni wa slava ni jambo ambalo Ružica hakuwahi kulisikia tangu azaliwe. Hata adui akija, anapewa kiti. Lakini vijana watano wasiojulikana wakiingia, swali la kwanza litakuwa lile ambalo mji huu mzima huuliza kabla ya salamu: wewe mtoto wa nani, na mmejuana wapi? Na Radiša si mtu wa kurudi nyuma na neno lake. Ružica alivua aproni, akapita katikati ya wageni akisema anakwenda kuazima viti kwa jirani, akashuka ngazi mbili mbili.

Aliwakuta ghorofa ya tatu wakihema. Wote walikuwa wamechana nywele kwa maji. Lenka alishika chupa ya divai iliyofungwa utepe, msichana mwingine alikuwa na maua, na nyuma yao kabisa alikuwa kijana mwembamba, Vukašin, ndani ya koti ambalo bila shaka lilikuwa la baba yake, maana mabega yake yalikuwa yanaelea humo. Wavulana wengine wawili walikuwa wameshikilia boksi moja la chokoleti kwa mikono minne. Ružica alikuja na maneno ya kuwarudisha. Alipowaona hivyo, maneno yalimshinda.

"Ninyi ni wa ngoma," akanong'ona. "Mmenisikia, wanangu? Mnacheza ngoma za jadi na Jagoda, kila Jumanne. Nawaombeni."

Alipomaliza kusema alijisikia vibaya, kama mtu aliyewaomba watoto wa wenzake wavue viatu kwa sababu ni vichafu. Lenka aliwatazama wenzake.

"Usijali, mama," akasema. "Mimi kwetu wanajua naenda tuisheni ya hesabu." Akamwonyesha Vukašin kwa kidevu. "Huyu yuko kwa daktari wa meno. Wiki ya saba sasa. Meno yake yatakuwa mazuri ajabu."

*

Waliingia kama watoto waliolelewa. Kila mmoja alifanya ishara ya msalaba, akaonja ngano, akamtakia mwenye nyumba slava njema. Radiša aliwapokea mikono miwili, akawauliza ni watoto wa nani, na kabla hawajafungua mdomo mkewe akadakia kwamba ni wenzake Jagoda, wale wa ngoma.

Radiša alijua kwamba hakuna ngoma. Alisimama na jagi la sharubati, akawatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama bintiye aliyekuwa mlangoni mwa jikoni. Akawamiminia. Glasi ya nne ilifurika ikamwagikia kitambaa cha meza, na Bibi Stamena akasema hiyo ni baraka.

Kum Milojko alikuwa ameshasikia.

"Wa ngoma?" akanguruma. "Wote hawa? Radiša, mbona hukusema? Jamani, sukumeni meza!"

Watu walisukuma meza. Ilifanyika haraka kuliko ninavyosimulia: viti vikapita juu ya vichwa, zulia likakunjwa, kum akaivuta kodiani mapajani, akapiga ule mdundo ambao kwetu hata mgonjwa kitandani huutikisia mguu. Wageni wakaanza kupiga makofi. Bibi Stamena akajifuta macho na kuuliza ziko wapi soksi. Na katikati ya sebule, penye nafasi iliyoachwa wazi, vijana sita walisimama kama nguo zilizosahaulika kambani.

Lenka alijaribu. Alijivuta hatua mbili kushoto, hatua moja kulia, akamkanyaga mwenzake. Watu walicheka, si kwa ubaya. Mama mmoja wa mlango wa pili alisema siku hizi hata ngoma wanafundishwa kwenye simu. Kum akasimamisha muziki, akasema tatizo ni kwamba hawana kiongozi, ngoma bila mwanamume mbele haiendi. Akanyoosha mkono akamshika Vukašin, aliyekuwa amerudi nyuma akajibana ukutani, akamvuta.

"Wewe, njoo uongoze. Kijana, tembea! Ana haya kama bi harusi huyu."

Vicheko vikaongezeka. Vukašin hakucheka. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, na kidole chake kilikuwa kinagonga paja: moja, mbili, tatu, nne, kisha mwanzo tena, upesi kuliko inavyotakiwa. Hakuna aliyekiona kidole kile ila Jagoda na wenzake. Jagoda alijua kwamba Vukašin ameshavuka tisa. Katika kundi alishawaeleza jinsi ilivyomtokea darasani, alivyoanguka akidhani moyo umesimama, na jinsi wanafunzi wenzake walivyomrekodi kwa simu.

Barafu ya Jagoda ilikuwa imeyeyuka yote, mkono wake mtupu na baridi. Alifikiri haraka. Akinyamaza, Vukašin ataanguka mbele ya watu arobaini. Akisema, yeye ndiye atakayepoteza chumba kile, duara lile, wiki tano zilizobaki, na baada ya hapo hakujua kama ataweza kuamka. Akawatazama watu wote wale wanaopiga makofi na akawachukia, kisha akaona kwamba hawana kosa, wanafurahi tu kwa kitu walichodanganywa.

"Kum, mwache," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo. Akarudia kwa nguvu, na kum akageuka, bado anatabasamu, bado ameshika mkono wa kijana.

"Hajui kucheza. Hata mimi sijui. Sijawahi kwenda ngoma hata siku moja." Alihema. Alimwona mama yake ameziba mdomo kwa kitambaa cha sahani. "Jumanne naenda kituo cha afya, kwa mwanasaikolojia. Nina wasiwasi unaonizuia kupumua, na nina sonona. Hawa ni rafiki zangu. Ya kwao watasema wenyewe wakitaka."

Kum alimwachia Vukašin ili aizuie kodiani isidondoke, na kodiani ikatoa mlio mrefu wa ajabu. Vukašin alitoka mlangoni taratibu, akashuka ngazi. Walisikia viatu vyake mpaka chini.

Halafu kila mtu akasema lake. Shangazi mmoja alimuuliza mwenzake, kwa mnong'ono uliofika kila kona, mtoto ana chumba chake na simu yake, huzuni ameitoa wapi. Mwanamume mmoja alisema enzi zake walikuwa wanatibiwa kwa jembe. Bibi Stamena alikuwa anamtazama mjukuu wake tu.

"Kwa hiyo zile soksi," akasema, "hukuzivaa?"

"Nazivaa nyumbani, bibi."

Kum Milojko alikuwa ameiweka kodiani sakafuni. Uso wake ulikuwa mwekundu, lakini si kwa kinywaji.

"Mimi huyu nimemshika mikononi kanisani," akamwambia Radiša. "Kama mtoto anaumwa, wa kwanza kuambiwa ni mimi. Mmenificha ugonjwa, sawa. Lakini kunifanya nibebe kodiani kutoka Ćuprija, nikae hapa nimsubiri acheze, na ninyi mnanitazama? Ungenizaba kofi ningeumia kidogo kuliko hivi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Radiša ilikuwa imeishia katikati ya sebule yake mwenyewe, zulia limekunjwa. Watu wote walimgeukia. Lenka na wenzake watatu walianza kutafuta makoti kwa macho, na Jagoda akaona baba yake amewaona.

Angeweza kuwaacha waende. Lakini ilikuwa slava, na walikuwa wageni. Radiša alivuta viti vinne, akawaonyesha kwa mkono. Akaleta sahani, akakata nyama mwenyewe, akawapakulia na kachumbari na mkate, mmoja baada ya mwingine, bila neno, kama alivyowapakulia wakubwa. Watoto walikula kwa sababu kutokula ingekuwa matusi, na walitafuna kimya kwa nusu saa nzima huku sebule yote ikijifanya haiwatazami. Kisha wakashukuru, wakaondoka. Kum Milojko akafuata, bila kumkumbatia Radiša. Saa kumi na mbili nyumba ilikuwa tupu. Miaka mingine wageni huimba mpaka usiku.

*

Bibi Stamena alikuwa amelala na viatu. Jikoni Ružica alikuwa anaosha vyombo, Jagoda anakausha. Radiša aliingia na chupa zilizobaki, akazipanga mezani kwa mstari, akazipanga upya.

"Umenivua nguo mbele ya kum," akasema.

Jagoda aliweka sahani chini. Wiki ya tano Bi Ksenija aliwafundisha namna ya kuomba kitu kwa mtu mwenye uwezo wa kukunyima. Sema lililotokea bila kumpamba wala kumponda. Sema unavyojisikia. Sema unachotaka, kwa neno moja likiwezekana. Kisha nyamaza. Walifanya mazoezi wawili wawili, na wote walishindwa palepale, kwenye kunyamaza. Walikuwa wakiongeza maneno, wakijitetea, wakiomba radhi kwa kuomba. Lenka alikuwa anacheka kila mara.

"Baba, nimesema mbele ya watu jambo uliloniambia nisiseme," akaanza. "Nilimwona mwenzangu anazidiwa. Naumia kwamba umeaibika, na naogopa. Nataka kuendelea kwenda. Zimebaki wiki tano."

Akanyamaza.

Bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye sinia. Ružica akageuka, mikono ina povu, akafungua mdomo aseme, pengine kumtetea mumewe, pengine kumtetea binti, na Jagoda akamgusa mkono kumzuia. Maneno yote yalikuwa yanamjia mdomoni: samahani baba, sikukusudia, basi sitakwenda, usinikasirikie. Aliyameza moja moja. Alihesabu mpaka nne, akarudia, akarudia tena, na baba yake bado alikuwa anazitazama chupa.

Kisha Radiša alikwenda kwenye meza ya keki. Akachomoa karatasi ya foili, akaanza kuchagua vipande: vya jozi, vya chokoleti, vile vidogo vya limau. Alikuwa anavipanga polepole, na kile kilichovunjika alikiweka kando.

"Yule kijana mwenye koti kubwa," akasema bila kugeuka. "Ni mtoto wa nani?"

"Siwezi kukwambia, baba."

Aliitikia kwa kichwa. Akakunja foili, akaikandamiza kingo zote nne kwa kidole gumba, akamkabidhi.

"Ametoka nyumbani kwangu siku ya slava na njaa," akasema. "Jumanne umpelekee."